Fré ya Muzee

Mimi ni mutu wa hasira. Watu wanaonunua misumari kwenye duka langu la Mabanga, hapa Goma, watakuambia hivyo hata kabla hujawauliza. Kwa hiyo ukisoma hapa kwamba nilinyamaza, ujue nilinyamaza kwa nguvu zangu zote.

Papa wa mke wangu alikuja kukaa kwetu wakati kambi za wakimbizi wa vita zilipovunjwa. Alikuwa Munigi, ndani ya kibanda cha turubai, na watu walipoambiwa warudi makwao, wengi walirudi kwa miguu, godoro kichwani. Yeye hakuweza. Nyonga yake ilikuwa imekufa upande mmoja. Kutembea kidogo tu, jasho. Juu ya pikipiki ndiyo kabisa, alikuwa analia kama mutu anayechinjwa. Tukamleta kwetu: nyumba ya mbao, ukuta wa mawe ya volkano, geti la bati, na nafasi ya gari moja. Ukifungua geti unaona ukuta wa jirani. Mutu aliyezaliwa mlimani Masisi, anayeamka na kuona ng'ombe mpaka upande wa pili wa bonde, alikaa humo akiangalia bati.

Siku ya tatu aliniomba jembe.

"Mukwe," akasema, "si munasema mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe?"

Nilicheka sana. Jembe la kulima wapi? Kwetu chini ni jiwe tupu, mke wangu anapanda lengalenga ndani ya magunia. Muzee akazungusha macho parsele yote, yaani kiwanja chetu, ikawa fupi mno kuzunguka, macho yakatua kwenye gari.

"Basi unipe kitambaa," akasema.

Tangu jioni ile gari ikawa yake. Mimi nilikuwa dereva tu. Nikirudi kutoka dukani naibana upande wa kushoto karibu na ukuta ili watu wapite, nashuka upande wa kulia kwenye usukani, maana ni gari ya Japani. Yeye anakuja na ndoo yake na kile kitambaa, anakaa juu ya kigoda, anapangusa. Milango, taa, magurudumu. Nilimwambia mke wangu, "Papa yako atatoboa rangi." Akaniambia nimuache, ndiyo njia yake ya kusema aksanti. Ilikuwa katre-katre ya zamani, gari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mimi niliipenda kwa sababu ilipanda popote. Ilinipelekea mabati mpaka sehemu ambako hata mbuzi wanafikiria mara mbili.

Sasa huko juu Masisi, kwenye kilima chao, muzee alikuwa na mdogo wake. Kwenye nyumba yao walizaliwa wengi, wakabaki wawili. Huyu mdogo akashikwa na ugonjwa wa tumbo, akalala. Kule simu haishiki, mpaka mutu apande juu kabisa, na katekista wa kanisa lao ndiye alikuwa anapanda na kututumia sauti ya mgonjwa. Sauti ya kwanza tuliisikiliza sote sebuleni. Alisema kwa Kinyarwanda chao, taratibu: "Mwambieni kaka aje. Nina neno lake. Halisemwi kwa simu, na halisemwi kwa mutu mwingine."

Nilimuuliza muzee kama anajua ni neno gani. Akatikisa kichwa. Akasema tu, "Nataka kwenda, mukwe," na huyo ni mutu ambaye hakuwahi kuniomba hata chumvi. Nikamwambia kesho kutwa tunaenda. Mimi, na mdomo wangu huu.

Jioni ya kuamkia safari alipangusa gari mpaka giza likamfukuza. Asubuhi alivaa koti lake la Noeli. Tukapita mabariere, vile vizuizi vya barabarani, tukapita Sake, tukaanza kupanda, na mvua nayo ikaanza. Mvua ya kule hainyeshi, inamwaga. Tulipofika kwenye kile kipandio cha mlima, cha udongo mwekundu, kinachojulikana na kila dereva, nikavuta kile kiwiko kidogo kando ya gia ili magurudumu yote manne yafanye kazi. Taa ndogo kwenye dashibodi ikawaka. Nikasema, sasa utaona mashini.

Wapi! Magurudumu ya nyuma yakazunguka kama wazimu, yakatupa matope mpaka kwenye vioo. Ya mbele yakakaa kimya. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Vijana waliokuwa wanapita na mizigo wakasukuma, gari ikateleza pembeni, upande wa bonde. Mke wangu nyuma alianza Salamu Maria kwa sauti. Nikakanyaga breki, nikatukana gari, nikatukana na wale waliokuwa wananisaidia.

Muzee alishusha kioo. Akaonyesha kwa kidole juu, kwenye mikaratusi.

"Nyuma ya ile miti," akasema, "njo kwetu."

Kwao kulikuwa pale pale; mutu mwenye miguu mizima angefika kabla ya saa sita. Nikiwa bado nahangaika, nikasikia mlango. Alikuwa ameshuka. Alitembea, namuona mpaka leo, koti la Noeli, fimbo, matope mpaka kwenye magoti, hatua moja, nyingine, kisha mguu ukakataa. Hakuanguka. Alisimama pale pale kwenye mvua akiwa hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nilimbeba mgongoni kumrudisha. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la simenti, na hilo liliniuma kuliko kila kitu. Tukageuza gari, tukarudi Goma.

Kesho yake nilipeleka gari mtaa wa Murara, kwa fundi ambaye nimegombana naye mara nyingi na bado narudi kwake. Garaji yake ni jiwe jeusi na anga. Nilimueleza: kiwiko kinaingia, taa inawaka, mbele hakuna nguvu. Akauliza jambo la kwanza ambalo fundi yeyote lazima aulize.

Nieleze kidogo. Gari za aina yetu zina kifuniko cha chuma katikati ya kila gurudumu la mbele, na juu yake kamshale. Ukizungusha kamshale upande mmoja, gurudumu linashikamana na mashini na kuvuta. Upande mwingine linaachiliwa, linazunguka tu kufuata safari. Watu wanaotembea lami wanaachilia ili wasile mafuta bure. Sisi wa kupanda milima tunashika yote mawili, tunasahau.

"Umeshika magurudumu?" fundi akauliza.

"Tangu siku niliyoinunua!" nikamrukia. "Hayajawahi kuguswa. Unanichukua kama mutoto?"

"Bwana, nimeuliza tu."

Alipitisha kidole kwenye gurudumu la kushoto lililokuwa mbele yake. "Ya huku iko sawa."

"Na ya kule iko sawa! Angalia mambo ya maana."

Akaangalia mambo ya maana. Alipandisha mbele yote juu ya jeki, akaniambia niwashe, niingize kiwiko, nitie gia ya kwanza, naye akaingia chini. Akapiga kelele kutoka chini kwamba kardani inazunguka, yaani ile fimbo ndefu ya chuma inayopeleka nguvu mbele. Nikachungulia: magurudumu yote mawili, kimya. Fundi akatoka, akajipangusa mikono, uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Kardani inaleta chakula mpaka mdomoni," akasema, "lakini hakiingii. Ni ponti. Meno ya ndani yamekatika."

Ponti ni lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu mawili. Nikamwambia afungue basi. Akakataa, na siwezi kumlaumu: akifungua kabla hatujapata ponti nyingine, mafuta yanamwagika, gari inabaki juu ya mawe, na duka langu nalo linabaki juu ya mawe. Bora iendelee kutembea mjini kwa magurudumu ya nyuma mpaka piesi, yaani kipuri, ifike. Piesi itoke wapi? Kampala.

Ukitaka kujua Goma ya siku hizi, agiza ponti Kampala. Kiwanja cha ndege, kimefungwa. Barabara ya Rutshuru, leo inapitika, kesho unaambiwa subiri. Mara piesi iko njiani, mara dereva amelala mupakani, mara siyo ya gari yako, ni ya kaka yake. Nilipiga simu mpaka mke wangu akawa ananyang'anya simu mezani. Nilitafuta gari nyingine ya kupanda na muzee. Madereva wote walikuwa na jibu moja: mvua iishe kwanza. Nikawaambia ugonjwa haungoji mvua iishe. Wakasema pole.

Ndani ya parsele ikawa hivi. Muzee anakaa kwenye kiti chake, uso kwenye geti. Nikitoka asubuhi:

"Piesi?"

"Bado, papa."

Kila asubuhi. Ikawa ndiyo salamu yetu, badala ya kuulizana tumelalaje. Hakuwa ananilaumu, na afadhali angenilaumu, maana mutu akinilaumu najua la kumjibu. Siku ambazo sikuhitaji gari nikaanza kupita kwenye upenyo wa jirani, kati ya choo chao na ukuta, niende dukani nimezunguka. Fikiria: baba wa watoto, mwenye geti lake, anatoka kwake kama mwizi wa kuku. Siku moja jirani akanikuta hapo, akaniuliza ninadaiwa na nani.

Nilijisikia nimefungwa. Nasema wazi. Mvua juu ya bati, ukuta, geti, mji mzima ambao kila mlango wake unagonga na hakuna anayeitika, na mule ndani mutu mmoja anayengoja kitu kimoja tu, na hicho kitu kimoja mimi nilikiahidi. Usiku nilikuwa nikisikia kikohozi chake ukutani, najua haja ya kukohoa hana, anajikumbusha tu kwamba yupo. Watu wa kanisani walituambia mvumilivu hula mbivu. Nikawajibu kuna mbivu zinazooza zikingojewa, mke wangu akanikanyaga mguu.

Na kila jioni, kigoda, ndoo, kitambaa. Gari ambayo haikumfikisha popote aliipangusa kama mutu anayemkandakanda mgonjwa.

Sauti za huko juu zikawa fupi. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya pili nusu yake. Ya mwisho ilikuwa pumzi, na katikati ya pumzi neno "kaka", kisha katekista akasema amechoka, tutajaribu kesho. Muzee aliomba tumuwekee tena. Alikuwa na simu sikioni, macho ameyafumba, na mimi nilitoka nje kwa sababu machozi yangu huwa yanatoka pamoja na matusi.

Simu yenyewe ilinikuta dukani, mchana, napimia mteja waya. Katekista hakutuma sauti, alipiga. Akaniambia muzee mdogo ametangulia, na kwa sababu ya hali ya mwili hawatalala naye, wanamzika leo leo. Nikamuuliza kama aliacha neno kwa mutu yeyote. Akasema walimuuliza, mke wake alimuuliza, akawa anatikisa kichwa tu: ni la kaka.

Nilifunga duka. Njia nzima nilikuwa napanga nitaanza vipi. Kwa mila ya kwao, mukwe si mutu wa kumletea papa wa mke wake habari ya kifo. Inatakiwa mutu mzima wa ukoo. Ukoo uko wapi? Uko Masisi, unazika. Nikasema nitamwambia mke wangu kwanza, yeye atamwambia. Nikaingiza gari, nikaibana ukutani kama kawaida. Mke wangu hakuwepo, alikuwa ameenda sokoni. Nikaingia ndani nikanywa maji. Nilipotoka, muzee alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda chake mbele ya gurudumu la kulia. Amepangusa kifuniko cha katikati kikang'aa. Alikuwa ameinamisha uso kabisa, anasoma, na kidole chake kinagusa kamshale.

"Papa, unafanya nini?"

"Naangalia fré, mukwe." Kwetu fré ni breki.

"Fré gani?"

Akasogea ili nione vizuri. Alifurahi, naapa. Nilikuwa sijawahi kumuuliza kitu chochote kuhusu kazi yake.

"Ile jioni ya kwenda kwetu," akasema, "nilipopangusa nikaona maandiko. Hapa iko LOCK. Nikajua ni bloké, imekwama, wamesahau herufi ya mbele. Na hapa iko FREE. Fré. Hawa Wajapani hawajui kuandika, lakini miye nilisoma kwa mapadri, nikaelewa. Sasa mushale ulikuwa kwenye bloké. Nikasema, Yesu, huyu mutoto anataka kutushusha mulima wa Masisi na gurudumu imebloka, haina fré? Unajua wangapi walikufa kwa kukosa fré pale? Nikaizungusha. Ya kule kwa ukuta sikufika, nyonga. Lakini hii moja nailinda. Kila jioni naangalia kama iko kwa fré."

Nilichuchumaa. Kamshale kalikuwa kwenye FREE, kamelala pale kwa raha zake. Nami nimejifunza Kiingereza cha kutosha cha kununulia mabati Kampala, najua maana yake: imeachiliwa, iko huru. Gurudumu moja limeshikwa, moja limeachiliwa, na nguvu yote ya mbele inakimbilia kwenye lile lililoachiliwa na kupotelea hewani. Ponti ilikuwa nzima. Hakuna meno yaliyokatika. Ilikuwa kazi ya vidole viwili, pale pale kwenye kipandio, pale chini ya ile mikaratusi.

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Naijua njia yake: magoti, tumbo, inafika shingoni, mdomo unafunguka. Mdomo ulifunguka. Muzee alikuwa ananiangalia kwa yale macho ya mutu anayengoja kuambiwa amefanya vizuri.

"Papa," nikasema, "tuingie ndani. Kuna habari ya huko kwenu."

Akaelewa. Wazee hawaambiwi mara mbili. Aliweka kitambaa ndani ya ndoo, akanipa mkono nimuinue, na akaanza kulia kabla hatujafika mlangoni, bila sauti. Nilikaa naye mpaka mke wangu akarudi. Baadaye, wakati wao wawili wanalia ndani, nilitoka, nikazungusha kamshale mpaka kwenye LOCK, nikaingia tena. Sikumwambia mutu. Nilijiambia: ataomboleza ndugu yake, inatosha, haina haja aombolezee na kidole chake.

Asubuhi mapema tukaondoka kwenda kwenye kilio. Mabariere, Sake, kipandio chetu. Mvua ilikuwa imepumzika lakini udongo ulikuwa bado ni sabuni. Nikavuta kiwiko, taa ikawaka, nikakanyaga mafuta nikiwa na uhakika wote wa dunia. Magurudumu ya nyuma, matope mpaka kwenye vioo. Mbele, kimya.

Nilibaki nimeshika usukani. Kisha nikamuangalia muzee, na koti lake la Noeli, nikaona kwenye ncha ya mkono wa koti kuna alama ya grisi. Mama yangu! Asubuhi ile, nikiwa namimina mafuta, aliangalia fré yake, akakarudisha kamshale. Safari ya mlima, watoto wake ndani ya gari, angeachaje? Mimi niliyefikiri kwa msiba hatakumbuka gari ndiye mjinga.

Hakukuwa na namna. Nilishuka. Niliomba Mungu asimame kati yangu na muzee asinione, lakini muzee naye akafungua mlango, akashuka na fimbo yake kunisaidia. Nilipangusa kifuniko kwa kiganja. Nikashika kamshale.

"Unatoa fré, mukwe?"

"Papa, ingia ndani ya gari, kuna matope."

"Mulima huu, unatoa fré?"

Nikazungusha. Kakagonga mahali pake, tak. Nikamshika mkono nikamrudisha kwenye kiti, nikafunga mlango wake, nikakaa kwenye usukani, nikaingiza gia. Gari ikapanda. Haikuhangaika hata kidogo. Magurudumu ya mbele yaliuma udongo, yakatuvuta juu, taratibu, mpaka kwenye mikaratusi, na mimi nilitamani ishindwe. Kweli kabisa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba gari yangu izame.

Muzee alikuwa anaangalia mbele. Tulipopita miti akauliza, taratibu, kwa sauti ya mutu anayeuliza njia:

"Na siku ile?"

"Siku ile ilikuwa ponti, papa. Ilikuwa imekufa."

"Na piesi imefika lini?"

Nikashika kiwiko kana kwamba barabara inakihitaji. Nyuma yetu mke wangu aliuliza kuna nini, munasema nini. Muzee aliweka mkono wake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye kiwiko, akaupiga piga kidogo, namna anavyopigwa mutoto aliyeanguka. Yeye ananipoza mimi!

Tulikuta udongo wa kaburi bado mubichi. Kwao, ndugu aliyekosa maziko hapewi kiti kabla hajasimama mbele ya watu na kusema alikuwa wapi. Mke wa marehemu alikuwa pale, na katekista, na kilima kizima kimekaa chini kwenye majani. Nikamuwahi muzee. Nikasema nitasema mimi, gari ni yangu, kosa ni la gari. Wakanitazama; mukwe hasemi penye ukoo. Muzee akanisogeza kando kwa fimbo, polepole, akasimama wima kadiri nyonga ilivyomruhusu.

"Mdogo wangu aliniita," akasema. "Gari ilikuwepo. Dereva alikuwepo. Njia ilikuwepo. Ni miye nilijifunga fré."

Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Kweli, muzee. Kweli kabisa. Mutu anajifunga fré mwenyewe." Mwingine akairudia kwa yule aliyekaa nyuma na hakusikia vizuri. Walidhani ni methali. Wakamletea kiti.